Mtoto wa Mwanakombo Aitwe Nani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzi tu, ya umeme unaokatika na simu zinazolia msikitini, palikuwa na mwanamke mpishi katika mji mmoja wa pwani. Mji siutaji, maana wapishi wake wana midomo na mimi bado napenda kualikwa harusini. Jina la mwanamke nalitaja: Mwanakombo. Sogeeni, kaeni vizuri. Anayetaka kutoka atoke sasa, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na sipendi mtu aniambie alikuwa chooni.

Mwanakombo alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, maulidi, yeye. Watu walipotaka kupanga siku ya harusi walimuuliza yeye kwanza, halafu ndipo wakamuuliza shehe. Na alikuwa mnene. Nasema mnene, msinikodolee macho, mwenyewe alikuwa akilisema na kulicheka. Lakini ukafika wakati unene ukaacha utani. Sukari ikapanda, presha ikapanda, na mimba mbili zikatoka, moja mwaka huo, nyingine mwaka uliofuata. Kicheko kikakoma nyumba ile.

Mume wake aliitwa Mbaruku. Huyu alikuwa seremala, na kazi yake ilikuwa vitanda vya harusi, vile vilivyochongwa maua kichwani. Mama yake Mbaruku aliitwa Bi Mashavu, mjane mwenye sauti yake, kiongozi wa kina mama wa maulidi, na waliishi naye nyumba moja. Bi Mashavu alitaka kitu kimoja tu duniani: mjukuu. Alimtaka asubuhi, alimtaka mchana, na jioni alimtaka kwa sauti. Wa nne ni Saumu, shoga wa Mwanakombo tangu utotoni, ambaye penye shughuli yoyote ndiye aliyemtwangia viungo. Basi watu ni hao. Ukinichanganyia huyu na yule, kosa ni lako.

Daktari wa mji mkubwa akamwambia Mwanakombo, "Nikikupunguza tumbo, sukari itashuka, presha itashuka, na mimba ikija itakaa."

Mwanakombo akakubali. Akafanyiwa operesheni. Mfuko wa chakula ukakatwa ukabaki kama kikombe cha kahawa, na utumbo ukaunganishwa kwa njia ya mkato. Akarudi nyumbani, mwanamke aliyelisha ukumbi mzima, akawa anashiba kwa vijiko vichache vya uji. Pilau alilipika kama kawaida, ila kulionja alilionja kwa ncha ya kidole, na wali haukuwahi kumharibikia. Mwili ukaanza kupungua. Magauni yakaanza kumteleza mabegani.

Siku ya kliniki, Saumu akamsindikiza. Nesi aliyewapokea, Sista Eliwaza, hakuwa mtu wa kuzunguka mbuyu.

"Mama, umepungua vizuri. Sasa nisikilize. Usibebe mimba kwa mwaka mmoja na nusu. Mwili wako uko kwenye njaa ya kupangwa, mtoto akiingia sasa atakuta jikoni hakuna kitu. Na wewe umeshapoteza wawili."

"Nimesikia, Sista."

"Na usijidanganye kwamba huzai. Mwili ukipungua hivi, mayai yanaamka. Nimewaona walioitwa wagumba wakishika mimba kabla hawajapeleka nguo zao za zamani kwa fundi wa kupunguza."

"Vidonge vya majira navijua. Nilishawahi kuvitumia."

"Vidonge visahau. Utumbo wako umefupishwa. Kidonge kinaweza kupita bila mwili kukichukua ipasavyo, na wewe ukabaki unajiona umejikinga. Chagua kingine. Sindano ipo, lakini kwa baadhi ya watu inaongeza uzito, na uzito ndio tumeukimbia. Kitanzi kipo, ni kizuri, lakini hiki tulicho nacho ni cha shaba, kinaweza kuzidisha damu ya mwezi, na damu yako tangu operesheni ni haba. Mimi ningekuwa wewe ningeweka kijiti chini ya ngozi ya mkono. Ni muda mfupi tu, bandeji siku chache, basi. Lakini mkono ni wako, chagua wewe."

Mwanakombo akasema, "Nitafikiri, Sista."

Afikiri nini? Afikiri mkono. Mpishi wa shughuli hapiki amevaa mikono mirefu. Anakunja nguo mpaka begani, anashika mwiko mrefu kama mpini wa jembe, na nyuma yake wamekaa wanawake wanaokata vitunguu huku wanakata watu. Bandeji juu ya mkono wa kushoto, pale pale ambapo kila mwanamke wa mji ule anapajua? Kabla wali haujakauka maji, Bi Mashavu angekuwa ameshaambiwa: mkamwana wako amefunga uzazi. Na Bi Mashavu ana mtoto mmoja tu wa kiume, na wajomba wa mtoto huyo walikuwa na mchumba tayari, wanangoja kuulizwa.

Basi Mwanakombo akachagua kisichoonekana. Akanunua vidonge vyake vya zamani, akavitoa kwenye karatasi zake kimoja kimoja, akavimwaga ndani ya kopo la iliki. Akajiambia, mwanamume hafungui kopo la iliki, na mkwe wangu ana viungo vyake. Akasahau mtu mmoja, na mtu huyo ndiye aliyekuwa anashika mchi.

Sasa njooni kwa Mbaruku. Naye daktari alikuwa amemwambia: mwaka mmoja na nusu. Mbaruku ni mtu wa haya. Hakuuliza kinga ni zipi, wala hakumuuliza mkewe. Akaona dawa ni moja, kuhama chumba. Akatandika mkeka sebuleni, akasema mgongo unamuuma. Fundi wa vitanda vya harusi, analala chini. Mke hakumwambia mume habari ya kopo, mume hakumwambia mke habari ya mgongo, na kila mmoja alijiona yeye ndiye mlinzi wa nyumba.

Bi Mashavu akauona mkeka. Akasema moyoni, mwanangu ameishiwa nguvu. Akaanza kumpikia supu ya pweza. Nyinyi mnaocheka huko nyuma mnajua mnachocheka, sina haja ya kueleza. Kila Alhamisi supu ya pweza, na kila Alhamisi mgongo wa Mbaruku unapona. Ijumaa ukimuuliza, unauma tena.

Tazameni hali yenyewe. Mume analala chini isipokuwa siku ya supu. Mke anameza vidonge visivyo na uhakika. Mama mkwe anachochea moto. Mtoto wa tatu alikuwa anaitwa aje apotee kama wenzake, na wote watatu wanaomwita walikuwa wanampenda.

Ikaja harusi ya binti wa mwenye mashine ya kukoboa. Mwanakombo yuko nje anagombana na mchinjaji juu ya mbuzi. Saumu yuko kwenye kinu. Akamimina bizari nyembamba, akamimina pilipili manga, akavunja mdalasini, akalipindua kopo la iliki. Akatwanga. Akatwanga. Akaona unga unakuwa mweupe. Iliki gani hii? Akachungulia kopo, akaona vilivyobaki. Alivitambua palepale, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akimeza kama hivyo kila asubuhi baada ya chai.

Saumu akamwaga kinu kizima shimoni, akaanza kutwanga upya. Pilau likachelewa, wageni wakanung'unika, mwenye harusi akaja jikoni na uso umekunjamana. Saumu akasema, "Niliunguza viungo, mzee wangu, nisamehe." Mungu alisitiri, la sivyo ukumbi mzima ungepanga uzazi siku ile bila kushauriwa.

Jioni, sufuria zikioshwa, akamvuta Mwanakombo pembeni.

"Shoga, ndani ya kopo mna nini?"

"Iliki."

"Mwanakombo, mimi na wewe tulikaa benchi moja mbele ya yule Sista. Masikio aliyonipa Mungu si ya kuvalia hereni tu. Alisema vidonge visahau."

"Alisema vinaweza kupita. Hakusema vinapita."

"Na vikipita?"

Mwanakombo akasema, "Saumu, mimi nimebeba sanda ndogo mara mbili. Wewe unadhani sijui? Lakini nikiweka kijiti, wataona. Wakiona, mama atajua. Mama akijua, wajomba watakuja. Mtoto nitampata wapi, nikishatolewa nyumbani? Niapie hutamwambia mtu."

Saumu akaapa. Akaapa kwa kaburi la mama yake. Na nataka mkumbuke kwamba mtu yule hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Alikaa na kiapo chake. Kila shughuli alimsihi: shoga, turudi kliniki. Kila shughuli Mwanakombo alijibu: bado. Mpaka siku moja jikoni Saumu akamwona shoga yake anageuza uso vitunguu vinapokaangwa. Mpishi, anakimbia harufu ya vitunguu. Akamuuliza siku zake. Mwanakombo akasema zimechelewa, akasema ni uchovu, akaondoka bila kumtazama.

Saumu hakwenda kwao. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mashavu. Ilikuwa Alhamisi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, supu inakaribia."

"Mama, zima moto."

"Haijaiva bado."

"Ndiyo maana nasema zima."

Akamweleza yote. Operesheni ilivyokata, Sista alivyosema, kopo lilivyobeba, siku zilivyochelewa. Akasema, "Mama, akiwa na mimba sasa, mtoto huyu naye tutamzika. Na kama hana, supu hii ndiyo itakayompa." Bi Mashavu akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akaibeba sufuria kwa kanga yake, akaimwaga nyuma ya nyumba. Paka wa mtaa ule wakala vizuri, na baada ya muda mtaa ukajaa vitoto vya paka.

Asubuhi yake akagonga chumbani kwa mkamwana.

"Mwanangu, vaa. Tunakwenda kwa Sista wako."

Mwanakombo akajua nani amesema. Akalia, kwanza kwa hofu, halafu kwa hasira. Bi Mashavu akamwambia, "Lia njiani, foleni inajaa."

Sista Eliwaza akapima. Mimba haikuwapo. Siku zilichelewa kwa sababu mwili ulikuwa unapungua kwa kasi. Wanawake wawili wale wakashikana mikono pale kwenye benchi mpaka Sista alipokohoa.

"Sasa, mama, umeshafikiri?"

"Kijiti," akasema Mwanakombo. "Lakini kesho Jumamosi napika harusi, na mkono wangu utaonekana."

Bi Mashavu akasema, "Sista, ukimaliza na huyu, nipe na mimi kipande cha bandeji."

"Ya nini, mama? Umri wako..."

"Umri wangu naujua. Nipe bandeji."

Jumamosi ikafika. Mwanakombo akakunja mikono, bandeji ikaonekana. Vitunguu vikaacha kukatwa. Kabla mtu hajafungua mdomo, Bi Mashavu akaingia jikoni, akakunja na yeye mpaka begani. Bandeji mkono wa kushoto, pale pale.

"Mnatazama nini? Nimeweka," akasema. "Na huyu mkamwana nimempeleka mimi, tulikuwa pamoja. Mwenye neno aniambie mimi."

Jiko likapasuka kwa kicheko. Hakuna tena aliyemtazama Mwanakombo. Wote walimtazama mjane, mtu mzima, kiongozi wa maulidi, anayejikinga asizae. Ajikinge na nani? Kicheko kilipokwisha likaanza lile swali, na swali lile halikumwachia. Wiki ile ile kina mama wakamwambia kwa adabu kwamba maulidi yajayo yataongozwa na mwingine, yeye apumzike kidogo. Akapumzika, na hakusema kwamba chini ya bandeji yake palikuwa na ngozi tupu.

Miezi ikapita. Kijiti kimekaa, mtoto haji, kama ilivyopangwa. Lakini wajomba hawakujua mpango. Wakaja, wakakunywa kahawa, wakakohoa.

"Mbaruku, mke wako tumempenda. Lakini nyumba inataka mtoto. Kuna binti huko kwetu, ametulia. Wa pili si dhambi."

Mbaruku, mtu wa haya, asiyeweza kutamka mbele ya wanaume maneno kama kijiti, akainamisha kichwa akasema, "Wajomba, kuoa wa pili hakutasaidia. Tatizo ni langu."

"Lako vipi?"

"Langu. Sina nguvu hizo."

Wajomba wakamaliza kahawa haraka wakaondoka. Na wao walikuwa na midomo pia, msidhani midomo ni ya jikoni tu. Habari ikazunguka mji. Sasa niambieni, nani atakayenunua kitanda cha harusi kwa fundi asiye na nguvu? Bwana harusi gani alale juu ya mkosi huo? Karakana ikanyamaza. Vitanda vya maua vikajaa vumbi, na Mbaruku akaishia kutengeneza madawati ya shule. Barazani walimwita "mzee wa madawati," akacheka pamoja nao.

Na Saumu? Mwanakombo hakumsamehe. Siku ile ya bandeji, wakati Bi Mashavu amebeba kicheko cha jiko zima, Mwanakombo alimgeukia mama wa bibi harusi akasema kwa sauti ya kusikika, "Saumu simtaki tena. Hana kifua." Neno moja tu. Lakini mpishi na msaidizi wake wanaingia ndani ya nyumba za watu, wanaona nani anagombana na nani, nani hana sahani za kutosha, binti gani analia chumbani siku ya ndoa. Asiyekuwa na kifua hakaribishwi. Saumu hakuitwa tena jikoni kokote. Akawa anachoma vitumbua mlangoni kwake. Mwanakombo alipita pale kila siku kwenda sokoni, na kila siku alipita bila salamu. Mwanzoni alinyamaza kwa hasira. Baadaye hasira ilikwisha, kunyamaza kukabaki, kwa sababu hakujua angeanzia wapi.

Mwaka mmoja na nusu ukatimia. Sista Eliwaza akapima damu, akapima sukari, akasema sawa, akakitoa kijiti. Bi Mashavu akarudi sokoni kutafuta pweza, safari hii kwa ruhusa ya kliniki. Mimba ikaja. Mimba ikakaa. Akazaliwa mtoto wa kike, mzima, mwenye mashavu na kilio cha kuamsha mtaa.

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Siku ya saba mtoto ananyolewa na kupewa jina, na jina lazima liwe la mtu. Mwenye jina ndiye somo wake. Somo si wa mchezo. Ndiye atakayemfunda akivunja ungo, ndiye atakayemvalisha siku ya harusi, ndiye atakayekimbiliwa mama mtu akimfokea. Somo ni mmoja. Ukishamtaja, hakuna kurudi nyuma. Na mji ule, anayetaja ni mama.

Shehe akakaa. Wembe ukatolewa. Mwanakombo akamweka mtoto mapajani.

Bi Mashavu akatangulia. "Mtoto huyu aitwe Mashavu. Nilimtaka kuliko nilivyotaka pumzi, na nikakubali kumngoja. Nikafunga bandeji kwenye mkono wa mjane, nikachekwa na wanawake niliowafundisha kusoma. Maulidi yangu nimenyang'anywa mpaka leo. Kama si mimi, kijiti kisingekaa mkononi mwa mama yake. Kama si mimi, mtoto huyu yuko wapi?"

"Mama," akasema Mbaruku, "na ile supu ya kila Alhamisi alipika nani?"

"Nilipika bila kujua. Wewe ulikunywa huku unajua."

Watu wakacheka, shehe akatazama dari. Mbaruku akaona haya, lakini siku ile alisema.

"Mtoto huyu aitwe Mwanamkuu, jina la marehemu shangazi yangu aliyenipa randa ya kwanza. Mimi nitasimama mahali pake. Nimelala chini sakafuni, fundi wa vitanda. Ndiyo, Alhamisi nilikosea, mimi ni mtu. Lakini wajomba walipokuja na mke wa pili mkononi, niliuvua uanaume wangu nikauweka mezani ili mke wangu asiguswe. Kazi ya mikono yangu ilikufa. Kama ningesema ndiyo siku ile, mama wa mtoto asingekuwa nyumba hii. Kama si mimi, mtoto huyu yuko wapi?"

"Wifi yangu Mwanamkuu," akasema Bi Mashavu polepole, "alinisumbua ujana wangu wote, na sasa arudi aitwe ndani ya nyumba yangu asubuhi na jioni." Lakini hakusema kwamba mwanawe amesema uongo.

Ndipo watu wakasikia mtu anavua viatu mlangoni. Hakualikwa. Saumu akaingia, mikono yake ina unga wa vitumbua, akakaa karibu na mlango.

"Mimi sikuja kudai jina," akasema. "Nimekuja kumwona mtoto, halafu niondoke. Lakini kwa kuwa mnahesabiana, na mimi niseme langu. Bandeji ya mama ilikuja baada ya mimi kusema. Mume alisema uongo wake wakati kijiti kimeshakaa. Mimi nilisema wakati hapakuwa na kitu, ila kopo. Niliapa kwa kaburi la mama yangu, na nikakivunja kiapo nikijua nakivunja. Nyinyi mlichekwa na watu, lakini mlirudi nyumbani mkapendana. Mimi nilipoteza nyumba nilikokuwa narudi." Akamtazama Mwanakombo. "Kama si mimi, shoga, mtoto huyu yuko wapi?"

Bi Mashavu akamwambia, "Mwanangu, lakini uliapa. Leo mama yake akupe mtoto, kesho mtoto akuite somo, akuambie siri zake za uchumba. Utazitunza?"

Saumu akasema, "Ikiwa siri ni ya kumuua, sitaitunza."

Shehe akauliza, "Mama wa mtoto, jina?"

Mwanakombo akamtazama mkwe wake, akaona mkono wa kushoto aliouvua hadharani kwa ajili yake. Akamtazama mumewe, akaona vidole vilivyochonga maua vikiwa na makovu ya madawati. Akamtazama Saumu, akaona unga wa vitumbua kwenye mikono iliyomtwangia viungo. Akajua pia kwamba akimpa mtoto jina la huyu, kila siku ya maisha yake, akimwita mtoto aje ale, akimwita aje aoge, atakuwa anakiri kwa kinywa chake kwamba aliyekaribia kumpoteza mtoto huyu ni yeye mama, kwa kopo la iliki, na aliyemwokoa ni yule aliyemwita hana kifua.

Mimi nimefika hapo. Wembe uko mkononi mwa shehe, nywele hazijaguswa, maziwa yanamtoka mama na mtoto ameanza kulia. Msiniambie wote watatu, mtoto hapewi kamati. Msiniambie aitwe Eliwaza, naye aliulizwa, akasema amefanya kazi yake na foleni inamngoja. Wewe hapo uliyekuwa unamcheka mzee wa madawati, na wewe mama uliyekuwa unatikisa kichwa tangu nilipotaja kiapo, semeni, na mseme kwa sauti, kwa sababu yule mwanamke bado amemshika mtoto wake na hajui.

Je, nani alistahili?